Moja Nukta Tatu

Berlin, 1 Machi 2026

Mama mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo wewe, shikamoo Baba, shikamoo Bibi. Mimi mzima, funga inakwenda vizuri, baridi nimeizoea. Nimechelewa kuandika kwa sababu ule ujumbe wa sauti wa Rama ulinikera, nikaona nisiandike na hasira. Sasa nimetulia kidogo.

Nianze na la pesa. Jana nimetuma euro 100, zitaingia kwenye simu yako, si ya Rama. Zikibadilishwa ni kama elfu kumi na tano. Najua hazifiki bei ya belo la mitumba, lakini Baba akiongezea zile za chama atapata. Nimepata kibarua cha Jumamosi, kupanga mikate dukani, si kazi mbaya. Ami akiuliza, mwambie hizi ni za belo, si za harusi ya mtu. Ile barua ya ufadhili aliyowasomea watu kibarazani haikusema nimekabidhiwa zote mkononi. Zinaingia mwezi kwa mwezi, na kabla sijazigusa zimeshakatwa kodi ya chumba na bima ya afya. Na sheria ya huku, mwanafunzi mgeni kama mimi haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya siku nzima 140 kwa mwaka. Basi asinihesabie.

Lakini la pesa silo lililoniuma. Lililoniuma ni la alama.

Rama anasema mlikuwa mmekaa kwenye futari, Ami akachukua simu yako, akaona nimeandika nimepata 1.3. Akauliza, juu ya ngapi? Zuhura akajibu tano. Akapiga hesabu palepale, asilimia 26, akasema mbele ya wapangaji wote kwamba mtoto amepanda ndege kwenda kufeli. Wewe Mama ukanyamaza. Sikulaumu, ungejuaje?

Huku alama zinakwenda kinyume na kwetu. Moja ndiyo ya juu, nne ndiyo ya mwisho ya kupita, tano umeanguka. Juu kabisa ni 1.0, inayofuata ni 1.3, katikati yake hakuna kitu. Unakumbuka nikirudi na ripoti ya shule ya msingi, Baba kitu cha kwanza alitazama nimekuwa wa ngapi? Siku niliyokuwa wa pili mlinichinjia kuku. Hakuna aliyesema mbili ni ndogo kuliko arubaini. Basi ni vivyo hivyo.

Na kazi yenyewe ni kurasa ishirini juu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Bibi msimulie. Ni Mswahili wa pande za Bagamoyo, alikuja hapa Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika skuli ya lugha iliyofunguliwa 1887 kwenye chuo hikihiki ninachosoma. Wanafunzi wake walikuwamo waliojiandaa kwenda kututawala, na baadhi yao hawakustahimili kufundishwa na mtu mweusi. Mwaka 1903 akaiacha kazi. Akaoa Mjerumani, akafunga safari kurudi naye kwao. Meli ilipofika Dar es Salaam wakubwa wa serikali wakawakataza kushuka. Akarudi Ujerumani, akafia hapahapa Berlin mwaka 1927.

Nilipofika hapo pa meli, darasani, sauti ilinikatika. Nchi yako unaiona kwa macho, minazi ile pale, na unaambiwa usikanyage. Nikanywa maji, nikamalizia. Mara nikasikia wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, darasa zima, kama mvua inayoanza juu ya mabati. Ndiyo pongezi yao chuoni, hawapigi makofi. Kisha mwalimu akaniomba nisome kipande cha maneno ya Mtoro mwenyewe kwa Kiswahili, akasema wao huyasoma lakini hawajawahi kuyasikia. Nikayasoma vile Bibi anavyosimulia, polepole, kila neno na haki yake. Mama, ni mtoto wa Majengo aliyesoma pale. Hakuna aliyeinuka mpaka nikamaliza. Hiyo ndiyo asilimia 26 ya Ami.

Mwambie Bibi pia nilikwenda mtaa wanaouita wa Waafrika, kaskazini mwa mji. Kuna barabara ya Zanzibar, ya Togo, ya Kameruni. Moja ilipewa jina la Carl Peters, yule wa mkono wa damu, huko nyuma 1939. Tangu 2024 kipande chake kinaitwa Maji-Maji-Allee, kwa ile vita ya Maji Maji. Nilisimama chini ya kile kibao nikamkumbuka babu yake Bibi, yule wa Songea. Picha nimeituma kwa Zuhura, amkuzie aione vizuri.

Baba, lile koti ulilonichagulia ndilo limenivusha. Kamera ya kweli, mtumba wa daraja la kwanza. Nilipolivaa nyumbani sikuelewa yale maandishi ya ndani ya kola, sasa nayasoma: sufu tupu ya kondoo. Limerudi kwao. Na pembeni ya njia ninayopita kwenda chuoni kuna sanduku la chuma, refu kunishinda, watu wanatia nguo wasizozitaka. Juzi nilimwona bibi mmoja mzee akitia sweta, kalikunja vizuri, kalishikilia kidogo kabla ya kuliachia. Nikafikiri, hilo huenda likafika sokoni Gikomba, na Baba atalifungua yeye. Natamani ningemwambia yule bibi kuwa litapigwa pasi.

Jioni ndiyo inayonishinda. Jua huku linachwa saa kumi na mbili kasoro, na kila siku linasogea karibu dakika mbili, si kama kwetu ambako magharibi haihami. Nikitia tende mdomoni, nyumbani ni karibu saa mbili usiku, mmekwisha kula, watu wako tarawehe. Nakula peke yangu jikoni, sufuria yangu moja. Nimejaribu kaimati mara mbili, zikanywea. Tui la kopo halina harufu.

Idi nitaikosa, Mama, na nisamehe. Tikiti ni ya tarehe 28, haibadiliki bila kulipia. Kitanda changu Zuhura alalie, sina neno, lakini vitabu vyangu vilivyo chini yake visichanwe vya kufungia mahamri. Nimesikia hilo nalo.

Hii barua Rama aisome kwa sauti, kwenye futari, Ami akiwapo na wapangaji wakiwapo. Asiruke kitu. Ami ni baba yangu, aliniuzia mbuzi wake nipate pasipoti, sijasahau na sitasahau. Ndiyo maana neno lake liliniingia hivi. Lingekuwa la mtu mwingine lingepita.

Baba, belo ukilipata, kabla hujalikata kamba piga picha ile karatasi ya juu unitumie. Nataka kuona limetoka mji gani.

Mwanao,
Mwanaisha