Paka wa ndani wapangiwe saa za kula

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nieleze jambo linalohusu namna tunavyowalisha paka majumbani mwetu hapa Unguja, jambo ambalo kwa miaka mingi nililiona dogo mpaka liliponiondolea paka niliyempenda sana.

Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe ninazozijua, na hata huko Ng'ambo, paka hana wakati maalumu wa kula. Huwekewa sahani chini ya ngazi, uani au kwenye pembe ya jiko, ikatiwa ugali uliochanganywa na dagaa, au zile punje kavu za dukani kwa wenye uwezo wa kuzinunua, kisha ikaachwa hapo kutwa kucha. Ikipungua huongezwa, na ikimalizika hujazwa tena na yeyote atakayepita karibu. Ndivyo alivyofanya bibi yangu, ndivyo alivyofanya mama yangu, na ndivyo nilivyofanya mimi kwa zaidi ya miaka 20, nikiamini kwamba sahani isiyokauka ni dalili ya huruma. Bibi yangu, hata hivyo, alikuwa na udhuru ambao mimi sina, kwani paka wake waliingia na kutoka watakavyo, wakipanda mapaa na kukamata panya, na kile kilichokuwamo sahanini kilikuwa nyongeza tu. Paka wangu wanaishi ndani, ghorofa ya pili, wamefungwa kizazi, na sehemu kubwa ya siku yao hupita wakiwa wamelala dirishani.

Mwaka juzi nilikuwa nao wanne. Mmoja wao, jike niliyempa jina la Marjani, aliacha kula. Nasema aliacha kula kwa sababu sasa najua. Wakati ule sikujua. Sahani ilikuwa moja, kubwa, ya bati, nami kila jioni niliikuta tupu kama kawaida, kwa kuwa wenzake watatu walikuwa wakila fungu lake pamoja na yao. Marjani alikuwa mnene mwenye manyoya mengi, hivyo kukonda kwake hakukuonekana kwa macho. Siku moja nilipomnyanyua ili nimtoe juu ya msala nikahisi uti wa mgongo wake chini ya kiganja changu, na nilipomfunua mdomo nikaona fizi zake zimegeuka manjano. Daktari wa mifugo aliniuliza suali ambalo mpaka leo linaniuma: mara ya mwisho alikula lini? Sikuwa na jibu. Alikufa siku ya tatu baada ya hapo.

Daktari alinieleza, na baadaye nikajisomea mwenyewe, kwamba paka mnene akikaa siku mbili tatu bila ya kula, mwili wake huanza kuyatoa mafuta uliyoyaweka akiba na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Mafuta hayo hujazana ndani ya ini mpaka likashindwa kufanya kazi yake, na hapo ndipo manjano yanapoonekana kwenye fizi, machoni na ndani ya masikio. Sababu iliyomfanya akatae chakula siku ya kwanza inaweza kuwa ndogo, pengine jino bovu au mafua, lakini kule kukaa bila ya kula ndiko kunakogeuka kuwa maradhi makubwa kuliko yale ya mwanzo. Anayegunduliwa mapema hulishwa kwa mpira mpaka ini lipate nafuu, na wengi hupona. Nilichotakiwa mimi ni kujua, ndani ya siku moja, kwamba Marjani hajala, na sahani yangu ya pamoja ndiyo iliyonizuia nisijue.

Nilipoanza kuwapangia saa wale watatu waliobaki, baadhi ya majirani walinilaumu. Bi mkubwa mmoja wa mtaani, ambaye ninamheshimu kama mama yangu, alinikumbusha Hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Nilimsikiliza kwa adabu, maana nasaha yake ilitokana na huruma ile ile niliyokuwa nayo mimi. Lakini Hadithi hiyo, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inamzungumzia aliyemnyima paka chakula na pia akamzibia njia ya kukipata. Haimzungumzii anayempa fungu lake kamili kwa wakati na akasimama pale mpaka alimalize. Mimi naona kwamba kwa paka tuliowafungia ndani amana ni nzito zaidi, kwa sababu hawana pa kujitafutia, na mwenye kuwafungia anapaswa kujua kila mmoja wao amekula nini na kiasi gani.

Sasa nieleze nilivyofanya, kwa sababu nimeona watu wakiiondoa sahani ghafla asubuhi moja na kusubiri paka "azoee", na kwa paka mnene jambo hilo linaweza kumletea maradhi yale yale yaliyomuua Marjani. Kwa siku tatu za mwanzo sikubadilisha chochote ila kupima. Nilitumia mizani ndogo ya jikoni, nikaandika gramu za punje ninazotia na zinazobaki. Paka watatu walikuwa wakimaliza karibu gramu 300 kwa siku, ilhali paka mzima wa kilo 4 anayekaa ndani anahitaji kiasi cha kilokalori 200 hadi 250 tu, ambazo kwa punje za kawaida ni gramu 55 hadi 60 hivi. Zaidi ya hayo, paka aliyefungwa kizazi mwili wake hutumia nguvu chache kuliko mwanzo huku hamu yake ya kula ikizidi, na kwa hiyo sahani ya kutwa humdhuru yeye zaidi kuliko paka anayezurura.

Wiki ya kwanza nilibadilisha saa na kukiacha kiasi kama kilivyokuwa. Chakula kile kile nilikigawa mara nne, na kila mara niliiacha sahani kwa nusu saa kisha nikaiondoa; maji peke yake ndiyo yaliyobaki mchana na usiku. Wiki ya pili nikashuka hadi mara tatu, na hapo ndipo nilipoanza kupunguza gramu, kidogo kidogo, kwani daktari alinionya kwamba paka asipoteze zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki. Saa nilizozichagua ni baada ya sala ya Alfajiri, baada ya Magharibi, na fungu dogo baada ya Isha kabla ya kulala. Sikuhitaji saa ya ukutani, kwa kuwa hapa kwetu karibu na Ikweta wakati wa Magharibi hausogei hata saa moja mwaka mzima, na adhana inasikika katika kila chumba. Mwezi wa Ramadhani ulipofika sikubadilisha chochote ila kulisogeza fungu la asubuhi likawa wakati wa daku.

Usiku wa pili hadi wa tano ulikuwa mgumu, sitaki kuwaficha wasomaji. Walilia mlangoni, wakapiga makucha kwenye kabati, na mtoto wangu alinisihi niwape angalau punje chache. Sikuwapa, kwa sababu paka anayepewa chakula saa nane ya usiku baada ya kulia hujifunza kwamba kilio ndicho kinacholeta chakula, na usiku unaofuata atalia kwa muda mrefu zaidi. Badala yake tulicheza nao kwa kamba kabla ya fungu la Isha, wakachoka, wakala, wakalala. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wameketi mbele ya jiko hata kabla ya muadhini kuanza.

Jambo lililonishangaza zaidi ni lile la sahani. Nilimpa kila mmoja sahani yake na mahali pake, mmoja jikoni, mmoja ukumbini na mmoja juu ya ngazi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba yule mdogo alikuwa akifukuzwa sahanini miaka yote na dume mkubwa, akila mabaki usiku wenzake wakiwa wamelala. Leo amenenepa kidogo, naye dume ameshuka kutoka kilo 6.8 hadi 6.1 kwa muda wa miezi mitano.

Wapo watakaosema kwamba paka kwa maumbile yake hula kidogo kidogo mara nyingi, na hilo ni kweli. Panya mmoja mdogo hana zaidi ya kilokalori 30 hivi, kwa hiyo paka anayewinda hukamata panya kadhaa kwa siku. Mwenye kukaa nyumbani mchana kutwa anaweza kugawa fungu lile lile mara nne au tano, na pengine hiyo ni bora kuliko njia yangu. Ninalolipinga mimi ni ile sahani isiyo na kiasi, isiyo na saa na isiyo na mwenyewe. Kadhalika, watoto wa paka walio chini ya miezi minne wapewe mara nne kwa siku, na jike mwenye mimba au anayenyonyesha aachiwe ale atakavyo. Huyo si wa kupimiwa.

Ukishaanza kupima fungu, huna budi kujua kilichomo ndani yake. Paka ni mla nyama, na mwili wake unahitaji kirutubishi kiitwacho taurini, kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka anayekikosa moyo wake hutanuka na kudhoofika. Ugali mwingi wenye dagaa wa kuhesabika haumtoshi. Dagaa wetu nao huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo warowekwe na maji yale yamwagwe. Wali uliobaki na mchuzi wenye vitunguu usitiwe kabisa, maana kitunguu huziharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Mwezi wa saba mwaka jana, yule dume, ambaye tunamwita Nahodha, hakuja baada ya Magharibi. Sahani yake ilikaa nusu saa haikuguswa, jambo ambalo halijatokea hata siku moja tangu tulipobadilisha utaratibu. Nilimfuata nikamkuta kwenye sanduku lake la mchanga, akichutama, akiinuka, akichutama tena, na mchanga mkavu. Mkojo ulikuwa umeziba, na kwa paka dume hali hiyo huua ndani ya siku mbili au tatu. Alfajiri tulikuwa mlangoni kwa daktari, akaingizwa mpira, na leo yupo dirishani ninapoandika barua hii. Kama chakula chake kingekuwa bado kwenye lile sinia la bati pamoja na wenzake, ningeliona tupu usiku ule na nikaenda kulala.

Juu ya hayo, chakula kinachobaki usiku huwaita panya, mende na sisimizi, na mchana huwaleta kunguru mpaka ndani ya ua. Tangu ugonjwa wa Homa ya Mgunda ulipotokea mkoani Lindi mwaka 2022 tunajua sote kwamba mkojo wa panya si wa kuuchezea.

Kwa wale ndugu zetu wanaowalisha paka wa mitaani, kuanzia Malindi karibu na soko la samaki hadi Darajani na Shangani, ambao kazi yao ninaithamini kwa dhati, ninaomba nao wachague saa moja na mahali pamoja, wasubiri paka wale, kisha wakusanye mabaki. Paka wakizoea kuja kwa wakati, mlishaji atawajua kwa sura, ataona nani ana jeraha na nani ana mimba, na siku ya kuwakamata ili wakafungwe kizazi hatahangaika kuwatafuta mapaani.

Ombi langu jengine nalielekeza kwa madaktari wa mifugo wa Serikali, Unguja na Pemba. Wanapochanja paka dhidi ya kichaa cha mbwa, wawe na mizani pale mezani, wampime kila paka na wamwandikie mwenyewe uzito huo kwenye kadi ya chanjo. Kazi hiyo haifiki dakika moja. Mimi uzito wa Marjani sikuwahi kuujua.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Kiponda, Mji Mkongwe,
Zanzibar.