Barua ya wazi kwa vijana mafundi mitambo wanaorekodi bendi

Wanangu,

Amani iwe kwenu. Mwezi uliopita watano kati yenu mlikuja nyumbani, mkakaa nami barazani hadi jua likazama, na swali mlilokuja nalo lilikuwa moja tu: mnunue maikrofoni gani ili bendi mnazorekodi zisikike kama zile za zamani. Niliwajibu kwa maneno machache, nikaona wazi kwamba hamkuridhika, na mlipoondoka nami sikuridhika na jibu langu. Ndiyo sababu nimeamua kuandika, na kuandika kwa uwazi, ili wenzenu wa Mwanza, Arusha na Mombasa ambao nasikia wanasumbuliwa na jambo hilohilo nao wapate kusoma.

Nianze na hizo rekodi mnazozitamani. Katika miaka ya 1970 na 1980, sehemu kubwa ya muziki wetu wa dansi ilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, maana studio za watu binafsi zilikuwa bado kuota, na nyimbo zilizobahatika kutoka kwenye santuri zilipelekwa Nairobi kutengenezwa huko. Bendi ya NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, Western Jazz na mtindo wao wa Saboso, Mlimani Park iliyozaliwa mwaka 1978 na mtindo wake wa Sikinde wenye magita mawili ya solo, rizimu na besi, wote hao waliingia chumba kimoja wakapiga kwa pamoja, waimbaji, magita, tumba, dramu na matarumbeta, wimbo mzima tangu neno la kwanza hadi pale muziki unapochemka na kuisha, ukaingia kwenye utepe wa robo inchi kama ulivyopigwa. Mpiga saksafoni akiteleza katika dakika ya saba, bendi nzima inarudi mwanzo. Hapakuwa na kumwambia mwimbaji aje kesho peke yake arekebishe beti la pili.

Zisikilizeni tena rekodi hizo, safari hii bila kufuata wimbo. Mtasikia tumba zikipita ndani ya maikrofoni ya mwimbaji, mtasikia matarumbeta yakigonga ukuta wa nyuma na kurudi, na katika kiitikio mtamsikia mwenye sauti nyembamba akiwa amesimama nyuma kidogo ya wenzake, kwa sababu akisogea anawafunika. Mnachokiita kuvuja, ambacho nyinyi mnatumia siku nzima kukiziba, ndicho kinachowaunganisha watu wale kiasi kwamba msikilizaji anaamini walikuwa chumba kimoja. Kuvuja huko hakukuja kwa bahati. Fundi mitambo aliyekuwa kazini alikwisha kutembea chumbani, akawapanga watu mmoja mmoja, kabla hajagusa kifundo hata kimoja cha mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti.

Basi jibu langu, ambalo siku ile nililitoa nusunusu, ni hili: wapangeni watu kwanza, maikrofoni zitafuata.

Nieleze ninavyofanya mimi. Bendi ikiingia, sifungi nyaya. Nawaambia wapige kama wanavyopiga ukumbini, nami nakaa katikati ya chumba bila hedifoni, nasikiliza kwa masikio haya mawili. Wimbo mmoja ukiisha nimekwisha kujua nani anapiga kwa nguvu kupita kiasi, nani anamtazama nani ili aingie, na nani anamwogopa nani. Hilo la mwisho msilicheke. Mpiga rizimu kijana akiwekwa mgongo kwa mgongo na kiongozi wa bendi mkali, atapiga vizuri; akiwekwa ana kwa ana naye, vidole vitakuwa mbao. Kisha najua kwamba mpiga besi lazima aone mguu wa mpiga dramu, na kwamba mpiga tumba lazima awasikie wote wawili moja kwa moja, si kwa kupitia hedifoni.

Hapo umbali unakuwa na hesabu yake. Sauti husafiri mita moja kwa muda wa karibu milisekunde 3, yaani sehemu tatu za elfu za sekunde, kwa hiyo mpiga besi mliyemweka mita 6 kutoka kwenye dramu, kwa kuwa mliogopa kuvuja, anazisikia zikiwa zimechelewa milisekunde 17 au 18, na yeye naye akijibu anachelewa vivyo hivyo kwa mwenzake. Hamtaliona kosa hilo kwenye kompyuta. Mtasikia tu kwamba muziki unakokota miguu, mtamlaumu mpiga dramu wa watu, kisha mtakaa hadi saa nane usiku mkivuta pigo moja moja kulinyoosha kwenye gridi, ile mistari ya mapigo kwenye kompyuta. Msogezeni besi karibu. Kazi imekwisha.

Maikrofoni nayo ina upande wake kiziwi. Ile Shure SM58 ambayo hakuna ukumbi usiokuwa nayo husikia zaidi mbele na husikia kidogo sana nyuma, na wengi wenu mnalijua hilo kwa ajili ya spika za jukwaani, lakini studio mnalisahau. Mwimbaji akisimama akitazamana na mpiga tumba, tumba zinaingia mgongoni mwa maikrofoni, na kuvuja kunapungua bila godoro wala ukuta wa kioo, na juu ya hayo wawili hao wanaonana. Mkimgeuza mwimbaji atazame dirisha lenu ili mpate picha nzuri ya video, mmezielekeza tumba mdomoni mwa maikrofoni. Na mkiweka maikrofoni mbili jirani kwa vyombo viwili, hakikisheni umbali kati ya maikrofoni na maikrofoni ni angalau mara tatu ya umbali kati ya maikrofoni na chombo chake. Kanuni hiyo ni ya zamani, si amri ya Mungu, lakini anayeivunja aivunje akijua, maana sauti moja ikiingia njia mbili kwa nyakati tofauti huweza kujila yenyewe, na gita lililokuwa nene kama asali likatoka jembamba kama redio ya betri.

Matarumbeta yanataka maneno ya pekee, kwa kuwa nimeona mnavyoyatendea. Mnaiweka maikrofoni kwenye mdomo wa tarumbeta, sauti inakwaruza, mnapunguza mikisa, inakwaruza bado, mnasema chombo ni kibaya. Rudini nyuma mita moja na nusu, hata mbili. Wapangeni wapigaji nusu duara mbele ya maikrofoni moja nzuri, wasikilizane wenyewe, na yule anayewazidi mwambieni arudi hatua moja. Hatua moja ya mguu wa mtu hufanya kazi ambayo vifundo kumi vya mikisa haviifanyi, na akipiga solo yake atajisogeza mwenyewe mbele, wala hutakuwa na haja ya kuinua kitu. Wazee waliowarekodi wapigaji waliofunzwa na wanamuziki kama Michael Enoch waliutegemea mwendo huo wa miguu.

Sasa niseme kuhusu joto, jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havina haja nalo. Dar es Salaam ya mwezi Februari hamwezi kurekodi huku kiyoyozi kikinguruma, kwa hiyo mnakizima, na baada ya dakika ishirini chumba chenye watu kumi na wawili kinakuwa tanuri. Nyuzi za gita zikipata joto hulegea na sauti yake hushuka. Tarumbeta na saksafoni zikipata joto hupanda. Bendi iliyoweka tuni pamoja saa tatu kamili ikiwa chumba cha baridi inakuwa bendi mbili ifikapo saa nne kasorobo, na mwimbaji aliye katikati hajui amfuate nani, anaonekana ndiye mwongo. Nimeona waimbaji wazuri wakilizwa na fundi asiyejua hili. Kwa hiyo zimeni kiyoyozi mapema, waacheni wapige nyimbo mbili za kuchangamka, kisha ndipo wote waweke tuni, na warudie kila baada ya wimbo.

Na mngurumo wa umeme je? Umeme wetu huenda kwa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na noti ya G ya chini kwenye besi, freti ya tatu ya waya mnene, ni hezi 49. Wimbo ukiwa katika G, mngurumo wa waya wa ardhi uliolegea unajificha chini ya besi kama nyoka chini ya mkeka, na hamtausikia mpaka besi inyamaze mwishoni, wakati bendi imekwisha kulipwa na kuondoka. Kabla hawajaanza, waambieni wote wakae kimya nusu dakika huku ampu zote, yaani vikuza sauti, zikiwa wazi, na rekodini kimya hicho, mkisikilize.

Nina deni la kuungama. Mwaka 1986 nilikuwa fundi msaidizi katika studio ambayo sitaitaja, na ikaja bendi kutoka mkoani, wamesafiri juu ya mizigo ya lori usiku kucha. Walianza kupiga alasiri. Mara ya nne waliupiga wimbo mmoja kwa namna ambayo hata mlinzi aliingia akasimama mlangoni. Mpiga saksafoni, ambaye hajawahi kuridhika maishani, akaomba warudie mara moja tu. Tepe mpya zilikuwa adimu siku zile, kwa kuwa zilitaka fedha za kigeni, na gurudumu kubwa la utepe katika mwendo wa inchi 15 kwa sekunde hutoa kama nusu saa tu, nayo ilikuwa imebaki dakika tatu. Nikarudisha utepe nyuma, nikarekodi juu ya ile ya nne. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo na hakuna niliyemuuliza. Ya tano, sauti ya mwimbaji ilipasuka kwenye beti la mwisho, na ya sita hawakuwa na nguvu nayo. Walirudi kwao na wimbo wenye ufa. Kiongozi wao alinipa mkono, akasema ahsante mwanangu, na kwa ahsante ile nilikosa usingizi.

Nyinyi hamna shida hiyo, diski zenu hazijai. Shida yenu ni kinyume chake: mnarekodi mara arobaini, mnawachosha watu, kisha mnaunganisha neno la mara ya sita na pigo la mara ya thelathini. Kwa uzoefu wangu bendi iliyofanya mazoezi hutoa iliyo bora kati ya mara ya pili na ya nne. Baada ya hapo wanaanza kujisikiliza wenyewe badala ya kusikilizana. Ikipita ya nne bila mafanikio, wapeni chai, pigeni wimbo mwingine, rudini baadaye.

Andikeni. Kila wimbo, jina la mtunzi, majina ya wote waliopiga, pamoja na mpiga maraka mliyemwokota mlangoni, tarehe, na ni mara ya ngapi. Leo hii tuna rekodi za zamani ambazo tunamjua mwimbaji na hatuna namna ya kumjua aliyepiga tarumbeta, na sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 inawapa wapigaji haki zao, lakini haki haiwezi kumfikia mtu asiyeandikwa popote. Karatasi hiyo isainiwe kabla ya chombo cha kwanza kupigwa, kwa sababu baada ya wimbo kupendwa kila mtu hukumbuka tofauti. Nakala ya kazi iwe mahali zaidi ya pamoja, na mahali pamoja pasiwe ndani ya jengo lilelile.

Kuhusu masikio nitasema kwa kifupi, kwa kuwa ninasema nikiwa nimechelewa. Ukali wa sauti wa desibeli 85 unavumilika kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo unagawanywa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 mna robo saa tu. Sikio langu la kushoto, lililokuwa upande wa dramu kwa miaka mingi, sasa halisikii upatu vizuri, na wakati wa kuchanganya humwomba mjukuu wangu anisikilizie.

Mtaniuliza tena juu ya maikrofoni, najua. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao kuna bendi ya vijana wenzenu itakayofanya mazoezi katika ukumbi ulio karibu na kwangu Temeke, na wamekubali tuwatumie kujifunzia kuanzia saa nne asubuhi. Njooni na futi ya kupimia, gundi ya karatasi ya kuwekea alama sakafuni pale kila mpigaji atakaposimama, na viatu visivyolia. Maikrofoni ninazo tatu, na saa mbili za mwanzo hatutazitoa kwenye sanduku.

Mimi mzee wenu,
fundi mitambo mstaafu, Dar es Salaam