Barua ya Malalamiko Kuhusu Sehemu ya Pili ya Riwaya ya Ujasusi

Wasomaji wa Riwaya za Kiswahili,
Jinja, Uganda.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Uchapishaji wa Vitabu,
Kampala.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KASORO KATIKA SEHEMU YA PILI YA RIWAYA YA UJASUSI MLIYOICHAPISHA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Tunakuandikia kwa niaba ya wasomaji wa mjini Jinja, wengi wetu tukiwa walimu wa Kiswahili, wastaafu wa reli na wafanyabiashara wa sokoni, ambao tuliingoja riwaya hii kwa hamu na kuinunua mara tu ilipofika dukani. Tumeisoma hadi mwisho, baadhi yetu mara mbili kwa kutoamini, na kauli yetu ni kwamba mlichotuuzia ni mswada ambao haukupitiwa na mhariri. Lawama hiyo tunaielekeza kwenu kabla ya kuielekeza kwa mwandishi.

Tungependa ieleweke kwamba mwandishi huyu tunampenda. Kitabu chake cha kwanza, kilichojengwa juu ya mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Kampala mwaka 1975, kilisomwa hapa kwetu hadi jalada likachakaa. Jasusi wake alikuwa mkalimani mpole ambaye silaha yake ilikuwa kusikiliza. Alishinda kwa sababu alikumbuka nani alisema nini, wapi, na mbele ya nani. Wazee waliokuwa vijana wakati ule walikuwa wakisoma huku wakitikisa kichwa kukubali, kwa maana mitaa ilikuwa mahali pake, na hofu ya watu waliopita karibu na ofisi za usalama wa taifa pale Nakasero ilielezwa jinsi walivyoijua wao wenyewe. Sisi tuliozoea riwaya za upelelezi kutoka Dar es Salaam na Nairobi tuliona fahari kwamba Uganda nayo imepata jasusi wake anayezungumza Kiswahili.

Kitabu hicho kilitufunga kwa swali moja. Barua iliyomponza jasusi ilipigwa kwa taipureta yenye herufi moja iliyoteremka chini ya mstari, na watu walioweza kuifikia mashine ile walikuwa watatu tu: daktari, karani wa ubalozi, na mkuu wa jasusi mwenyewe. Tulibishana juu ya watatu hao tangu tulipokifunga kitabu. Mwalimu mmoja aliandika mezani kwake mpangilio wa saa za kila mmoja katika usiku ule, akitumia maelezo ya kitabu peke yake, na hakuna aliyeweza kumpinga kwa urahisi. Hiyo ndiyo raha ya riwaya ya ujasusi: mwandishi anampa msomaji kila alichompa mpelelezi, kisha anamwambia afikiri.

Katika sehemu ya pili taipureta haitajwi hata mara moja. Daktari ameondoka nchini bila maelezo, karani amesahauliwa, na msaliti anageuka kuwa mfanyabiashara mgeni ambaye hatukuwahi kumwona wala kumsikia, anayeingia hadithini wakati kurasa zimekaribia kwisha na kukiri kila kitu bila kuulizwa. Jalada la nyuma, ambalo tunaamini liliandikwa na ofisi yako, linaahidi kwamba msaliti atafichuliwa na kisa kitahitimishwa. Ukurasa wa mwisho unatangaza sehemu ya tatu. Mnunuzi aliyelipa bei ya juu kuliko ya kitabu cha kwanza kwa sababu ya ahadi hiyo ana haki ya kusema kwamba ameuziwa kitu tofauti na kilichoandikwa kwenye bidhaa.

Jambo lililotuumiza zaidi, kwa kuwa linahusu mji wetu, ni sura ya shambulio la darajani. Kisa kinatokea mwishoni mwa mwaka 1978, wakati vita na Tanzania vimeanza, na jasusi anavuka Nile hapa Jinja usiku kwa kupanda kebo za daraja refu linaloning'inia, huku askari wakimmulika kutoka chini. Daraja hilo la kebo lilifunguliwa Oktoba 2018. Katika miaka ile barabara kuu ya kwenda Kampala ilipita juu ya ukuta wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na kila mtu mzima wa Jinja anaweza kukueleza hivyo bila kufungua kitabu chochote. Kosa hili haliwezi kufutwa kwa kubadilisha neno moja, kwa sababu sura nzima imening'inizwa kwenye kebo ambazo hazikuwapo: kupanda kwake, kujificha kwake, hata kifo cha mwenzake.

Tunasikitika pia kwa kile alichokipoteza mwandishi. Bwawa lile ndilo lililokuwa likiipa Kampala umeme, na sehemu ya umeme wake ilikuwa ikiuzwa Kenya. Mtu anayetaka kuvuka alilazimika kupita mahali palipokuwa na thamani kubwa kuliko karibu kila jengo lingine nchini, maji yakinguruma chini yake, pasipo njia ya pembeni ya kukimbilia. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoiteka Jinja tarehe 22 Aprili 1979, bwawa hilo lilikuwa miongoni mwa vitu walivyotaka vipatikane vikiwa vizima. Mkalimani yule wa kitabu cha kwanza, asiye na bunduki, akisimamishwa na mlinzi juu ya ukuta ule na kulazimika kujieleza kwa Kiswahili cha kambini mpaka aruhusiwe kupita, angetutoa jasho. Badala yake tumepewa mtu anayerukaruka na kufyatua risasi, ambaye hatumtambui.

Mwisho wa kitabu una tatizo la namna hiyo hiyo. Msaliti anatoroka kwa ndege kutoka Entebbe akilindwa na askari wa Idi Amin, usiku unaofuata kutekwa kwa Kampala. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, lakini Entebbe na uwanja wake wa ndege vilikuwa vimeshaanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania tarehe 7 Aprili. Askari hao wa Amin walitoka wapi? Mhariri aliyefungua kitabu chochote cha historia ya vita vile angeliona hili kabla ya chai ya saa nne.

Mengine tutayataja kwa kifupi. Mkoba wa hongo umejazwa noti za shilingi elfu hamsini katika nchi ambayo wakati ule noti yake kubwa kabisa ilikuwa ya shilingi mia moja. Dada wa jasusi, aliyezikwa Masaka katika kitabu cha kwanza, anapiga simu katika hiki. Nakala kadhaa zina kurasa zilizorudiwa, na gundi yake inaachia upesi.

Huenda ukaona kwamba tunalikuza jambo la burudani. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, nasi tulio walimu tunahangaika kila siku kutafuta vitabu ambavyo kijana wa Uganda atavisoma kwa hiari yake na kuiona nchi yake ndani yake. Kitabu cha kwanza tuliwaazima wanafunzi, wakakigombania. Hiki hatuwezi kuwapa, kwa sababu tungelazimika kusimama darasani na kusahihisha historia ya kwao wenyewe iliyochapishwa na kampuni ya nchini mwao.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo. Usitishe uuzaji wa chapa hii, na hasa usiipeleke mashuleni, mpaka isahihishwe. Wenye nakala zenye kurasa zilizorudiwa wabadilishiwe bila gharama, na maneno ya jalada yanayoahidi hitimisho yaondolewe. Zaidi ya yote, mwandishi apewe mhariri na muda wa kuiandika upya sura ya darajani na kuirudisha ile taipureta, hata ikibidi tungoje mwaka mwingine. Tuko tayari kuusoma mswada huo bila malipo, na wapo wazee hapa walioishi karibu na bwawa katika mwaka 1979 ambao wamekubali kuzungumza na mwandishi akifunga safari kuja Jinja.

Tunaomba jibu la maandishi, likieleza pia ni nani aliyeidhinisha kitabu hiki kipelekwe mtamboni. Nakala ya barua hii tumempelekea mwandishi kupitia ofisi yako, na tunakusihi umfikishie.

Wako mwaminifu,

Katibu,
kwa niaba ya Wasomaji wa Riwaya za Kiswahili, Jinja.