Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Manowari Petard na Msafara Uliotoka Kilindini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, afisa mstaafu wa Jeshi la Wanamaji la Kenya,
Mwalimu Mkuu,
Walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni wakubwa zetu. Wenzetu, hamjambo.

Tunakushukuru, mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua risala nyingi huanza na shida za klabu: vitabu, nauli, kabati lisilo na kufuli. Shida hizo tunazo na tutazifikia. Lakini si kila mwaka tunapata mgeni aliyekula chumvi ya baharini, kwa hiyo tumeona tutangulize kazi tuliyoifanya muhula huu. Ni historia ya manowari moja ya Uingereza iliyoitwa HMS Petard, iliyosindikiza meli za askari kutoka bandari yetu ya Kilindini mwezi Februari 1944.

Petard ilijengwa kando ya mto Tyne, kaskazini mwa Uingereza, ikashushwa majini Machi 1941 na kuanza kazi katikati ya mwaka 1942. Ilikuwa destroya, yaani manowari nyembamba yenye mbio, isiyo na silaha nzito wala ngozi nene ya chuma. Ilikuwa na mizinga minne ya inchi 4, mirija ya torpido, yaani mabomu yanayojiendesha chini ya maji, na mabomu ya kina yaliyopangwa tezini. Wewe unaijua kazi hii kuliko sisi, lakini kwa faida ya wenzetu tueleze kidogo. Manowari inayosindikiza msafara husikiliza. Hutuma mlio chini ya maji, na mlio ukigonga nyambizi hurudi, ukionyesha upande iliko na umbali wake. Kisha manowari huikimbilia sehemu hiyo na kudondosha mapipa ya baruti yaliyotegwa yalipuke kwenye kina fulani. Ubaya wake ni kwamba manowari ikiikaribia mno nyambizi, mlio hupotea, na mabomu hudondoshwa kwa kukisia. Ndiyo maana msako mmoja uliweza kuchukua kutwa nzima.

Mmoja wa namna hiyo ndio ulioipa Petard jina. Tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Mediterania kaskazini ya mlango wa Nile, Petard na manowari nyingine waliisaka nyambizi ya Kijerumani U-559 kuanzia mchana hadi usiku, wakisaidiwa na ndege. Ilipoibuka ikiwa imechoka na wanamaji wake wakaanza kuruka baharini, Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani yake. Tommy Brown, kijana wa miaka 16 aliyekuwa mhudumu wa kantini na ambaye alidanganya umri ili apate kazi, alipanda na kushuka ngazi akipokea vitabu vya siri na kuvipitisha nje. Maji yalikuwa yanaingia. Nyambizi ikazama ghafla na Fasson na Grazier ndani yake. Brown alinusurika. Vitabu vile vilifika kwa wavunja siri wa Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kufumbua misimbo ya adui, na mwezi Desemba waliweza tena kusoma ujumbe wa nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki, baada ya miezi kumi ya giza. Fasson na Grazier walitunukiwa Msalaba wa George baada ya kufa kwao. Brown alipewa Nishani ya George, kisha akafa mwaka 1945 akijaribu kumwokoa dada yake katika nyumba iliyoshika moto.

Desemba hiyohiyo, karibu na Malta, Petard na manowari ya Kigiriki Vasilissa Olga waliikamata nyambizi ya Kiitaliano Uarsciek, ambayo baadaye ilizama ikiwa inavutwa. Tulitabasamu kidogo tulipogundua kwamba Uarsciek ni Warsheikh, mji wa pwani ya Somalia kaskazini ya Mogadishu. Waitaliano walizipa baadhi ya nyambizi zao majina ya mahali pa Afrika, na mji wa jirani zetu ukaenda kuzama Malta.

Vitabu vingi tulivyosoma kuhusu Petard huishia hapo, au hutumia kurasa mia kwa Wajerumani na aya mbili kwa yale yaliyotokea baadaye katika Bahari ya Hindi. Sisi tumegeuza mizani hiyo, na tunaamini tuna haki.

Aprili 1942, baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo na Trincomalee, kundi la manowari za Uingereza la mashariki lilihamishia kituo chake Kilindini. Wavunja siri wao walikuja nao, wakapewa jengo la shule ya Allidina Visram, hapahapa Mombasa, mbele ya bahari. Katika madarasa ambamo leo watu wanafanya hesabu, walivunja msimbo uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Wanafunzi wenzetu wanaopita pale kila siku wakienda Tudor hawakuamini tulipowaambia.

Kufikia mwanzo wa 1944 manowari nyingi zilikuwa zimerudi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na Kilindini ikabaki mlango wa kupitishia askari. Vita ya Burma ilihitaji watu, na Afrika Mashariki ilitoa watu. Wazee wetu wanawaita wote Keya, jina lililotokana na KAR (King's African Rifles), jeshi la askari wa miguu la Afrika Mashariki, ingawa kulikuwa na madereva, wapishi, wahudumu wa hospitali na wapiga mizinga. Mwanzoni mwa Februari msafara ulioitwa KR-8 ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Ulikuwa na meli tano za abiria: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Jumla ya watu ilizidi 6,000. Walinzi wao walikuwa kruza ya zamani Hawkins, manowari kubwa kuliko destroya, na destroya mbili, Paladin na Petard.

Khedive Ismail ilikuwa meli ya mwaka 1922, iliyowahi kusafiri chini ya bendera ya Chile na kisha ya Misri. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, na kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wanamaji wa Uingereza, wauguzi wa kike, wasichana wa jeshi la majini na madereva wa kike.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, msafara ulikuwa karibu na Maldivi, umeingia Mlango wa Digrii Moja na Nusu. Ni majira ya kaskazi, bahari shwari, jua kali la baada ya adhuhuri. Nyambizi ya Kijapani I-27, chini ya kamanda Toshiaki Fukumura, ilikuwa inawasubiri. Torpido mbili ziliipiga Khedive Ismail. Meli ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Hebu fikirini, wenzetu, ngazi za meli ya zamani, sitaha za chini zimejaa watu, na dakika zile. Walioweza kuruka ni waliokuwa juu.

Meli nne zilizobaki ziliondoka kwa kasi kama zilivyoagizwa, Hawkins ikiwa pamoja nazo. Paladin ilisimama na kushusha mashua kuokoa watu. Petard ikaanza kusaka. Ikaisikia nyambizi mahali pabaya kuliko pote: chini ya watu waliokuwa wakielea.

Nahodha wa Petard, Rupert Egan, aliamuru mabomu ya kina yadondoshwe. Bomu la kina halichagui. Wimbi la mlipuko chini ya maji hupasua kifua na tumbo la aliye karibu hata kama hana jeraha la nje. Watu walionusurika torpido waliuawa na manowari iliyokuja kuwalinda, huku mabaharia wa Petard wakitazama.

Hapa klabu yetu iligawanyika, na tumeamua kukuletea mgawanyiko huo kama ulivyo badala ya kuuficha. Upande mmoja ulisema Egan hakuwa na njia. Nyambizi iliyoachwa hai ingeweza kuifuata misafara mingine, na Paladin yenyewe, iliyosimama ikiokoa watu, ilikuwa shabaha rahisi. Upande wa pili ulisema meli nyingine zilikuwa zimekwisha kuondoka, na kwamba ahadi ya kwanza ya msindikizaji ni kwa wale anaowasindikiza. Mwenzetu mmoja akauliza swali lililotunyamazisha: je, uamuzi ungekuwa uleule kama idadi kubwa ya waliokuwa majini wasingekuwa Waafrika? Jibu letu, baada ya kusoma, ni kwamba majini walikuwamo pia wauguzi wa Kiingereza na wanamaji wenzake Egan, naye aliwapiga wote. Hatuoni ushahidi wa ubaguzi katika amri ile. Ubaguzi upo mahali pengine, katika ni nani aliyetajwa baadaye na nani aliyebaki kuwa namba. Kwa upande wangu mimi ninayesoma risala hii, Egan alifanya kilichompasa, na simwonei wivu.

I-27 iliibuka hatimaye, imeharibika lakini haijafa. Ilikuwa ndefu kuliko Petard yenyewe, nyambizi ya zaidi ya mita 108. Mizinga ya inchi 4 iliipiga tena na tena, na makombora yakashindwa kutoboa chuma chake, kwa kuwa hayakuwa yametengenezwa kwa kazi hiyo. Paladin ikataka kuigonga kwa omo. Dakika ya mwisho ikageuzwa, lakini bapa la usukani la nyambizi likauchana ubavu wake, maji yakaingia, ikabaki haina nguvu ya kuendelea na vita. Petard ikabaki peke yake. Ikarusha torpido moja, ikakosa. Ya pili, ikakosa. Ikaendelea hivyo hadi ya saba, ndipo I-27 ikalipuka na kutoweka. Mapambano yalichukua kama saa mbili na nusu. Mjapani mmoja tu aliokolewa.

Kwa hesabu ya vita, Petard ikawa imeshiriki kuzamisha nyambizi za mataifa matatu adui: Ujerumani, Italia na Japani. Sifa hiyo huandikwa kila inapotajwa. Hesabu ya upande wetu ni hii: waliokufa ni 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Paladin ilivutwa hadi Addu, visiwa vya kusini mwa Maldivi. Wenzao waliofika salama Ceylon waliendelea, na mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapigana kushuka bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na malaria, hadi mto Chindwin.

Petard ilimaliza vita ikiwa hai. Ikabadilishwa kuwa frigeti miaka ya hamsini, na mwaka 1967 ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tufikie maombi yetu.

Majina ya askari wetu waliozama na Khedive Ismail yamechongwa kwenye mnara wa ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita, barabara ya Ngong, Nairobi. Hapa Mombasa, walikopandia meli, hatujaona jiwe wala kibao kinachowataja. Ombi letu la kwanza ni nauli ya wanachama wetu kwenda Nairobi kuyanakili majina hayo kwa mkono, moja baada ya jingine. Tunajua yapo kwenye intaneti. Tunataka kuyaona yakiwa yamechongwa.

La pili ni sauti yako. Barua ya wanafunzi kwa wakubwa wa bandari hujibiwa pole pole, lakini barua yenye saini ya afisa mstaafu husomwa asubuhi ileile. Tunaomba kibao kimoja kidogo katika bustani ya Mama Ngina, mahali ambapo mtu akisimama anaona meli zikipita mlango wa Kilindini. Maneno tumekwisha kuyaandika, kwa Kiswahili, na rasimu anayo mlezi wa klabu.

La tatu ni vinasa sauti viwili. Bado kuna watoto na wajukuu wa Keya katika mitaa ya Majengo, Changamwe na Likoni, na wengine wamekubali kuzungumza nasi. Wazazi mliopo, kama nyumbani kuna nishani kwenye sanduku, picha ya babu mwenye kofia ya askari, au hata simulizi ya mtu aliyepanda meli asirudi, tuiteni tuje. Hatutachukua chochote, tutapiga picha tu na kusikiliza.

La nne, kabati na kufuli yake. Tulisema tutalifikia.

Na kama afya na nafasi vitakuruhusu, tunakukaribisha tarehe 12 Februari ijayo, saa nane na nusu mchana, kwenye ufuo wa Mama Ngina. Tutasoma majina yote tutakayokuwa tumeyanakili. Tungependa wewe usome ya kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.