Taarifa ya Mwenyekiti wa Kwaya Kuu kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa walezi wa kwaya, wajumbe wenzangu wa kamati na ninyi wanakwaya wote, Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka. Huduma za kawaida mnazijua, nitazipitia haraka. Jumapili tumeimba kwa zamu na kwaya ya vijana. Ijumaa Kuu, Pasaka, Pentekoste, Sikukuu ya Mavuno na Krismasi tulikuwepo. Tumehudumu mitaani, kwenye ndoa na kwenye misiba, na tamasha la uimbaji la jimbo tulishiriki. Kinanda kiliharibika mwezi wa nne na kimetengenezwa. Nilikipeleka mjini mimi mwenyewe, nauli nikatoa mfukoni, na sijaidai kwaya. Wanakwaya wapya wanne wamepokelewa.

Sasa mahudhurio. Daftari linaonyesha wanakwaya 46. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu jioni, na kwa mwaka mzima wastani wa waliofika hauzidi 18. Wengi wa hao 18 huingia saa kumi na mbili, mwalimu akiwa ameshawafundisha sauti ya kwanza na ya tatu, ikabidi aanze upya. Lakini wiki ya safari ya tamasha basi lilijaa hadi wengine wakasimama, na kuna sura nilizoziona ndani ya basi ambazo sikuwa nimeziona tangu Pasaka. Nilimwachia kila mmoja kiti chake, kwa kuwa sikutaka ugomvi njiani. Wimbo wa pili tuliuimba vibaya na majaji walituambia hivyo. Sauti ya nne ilipotea ubeti mzima kwa sababu nusu yao hawakuwahi kuufanyia mazoezi.

Nilipowauliza wahusika, nilijibiwa kuwa kazi nazo ni huduma kwa Mungu. Ndugu zangu, hilo ni kweli kabisa, na sisi Walutheri ndio tungepaswa kulijua kuliko wengine. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja katika kazi yake, ni kuhani sawa na wengine waliobatizwa. Anayepima maharage kwa kipimo cha haki sokoni anamtumikia Mungu pale pale sokoni. Lakini fundi viatu aliyekuahidi viatu Jumamosi akakupa wiki ya tatu hawezi kukuambia kuwa alikuwa anaabudu. Uaminifu ni ule ule, uwe dukani au kwenye mazoezi. Tuna dada yetu mmoja anayeuza mboga. Jumanne ndiyo siku yake ya soko, na kila Jumanne huja na tenga lake, huliweka chini ya dirisha la ukumbi, hufunika mchicha uliobaki kwa kanga yenye maji, kisha huingia kuimba. Sikumbuki Jumanne aliyokosa bila kutuma taarifa. Ada amemaliza tangu mwezi wa sita. Sisi wenye mishahara tunasema hatuna muda.

Nimetaja ada. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kiwango tulichokubaliana sote tukiwa tumekaa kwenye ukumbi huu. Tulitarajia 1,104,000 kwa mwaka, zimeingia 412,000. Deni ni 692,000. Majina sitayasoma leo kwa heshima ya Mchungaji aliye mbele yetu, ila mhazini anayo, na wenye majina wanajijua.

Nafika kwenye jambo la mwezi wa nane. Nitalieleza kwa urefu kwa sababu limezungumzwa kwa urefu mimi nikiwa sipo.

Mwinjilisti wetu mstaafu wa mtaa wa juu alianguka shambani kwake akavunjika nyonga. Wengi wenu mlioko hapa mlipitia mikononi mwake mlipokuwa wadogo. Aliwafundisha kipaimara, aliwazikia wazazi, na kwaya hii yeye ndiye aliyeisomesha solfa, zile noti za do, re, mi, akiandika kwa chaki kwenye ubao uliopasuka katikati, ambao hadi leo uko stoo. Alitumikia kwa posho ndogo, nyingine ikilipwa kwa ndizi za mnada. Bima ya afya hakuwa nayo. Hospitali ilitaka fedha kabla ya upasuaji, na familia ilikuwa imeuza ng'ombe, haikufikia. Usharika ulitoa ulichoweza. Ikapungua 1,850,000.

Kamati ilikaa Ijumaa usiku, tarehe 9 Agosti, wajumbe saba kati ya tisa. Tukaamua fedha hiyo itoke kwenye mfuko wa sare mpya. Mimi ndiye niliyetoa hoja, na mimi ndiye niliyesaini wa kwanza. Sijifichi nyuma ya kamati.

Yamesemwa mambo matatu. La kwanza, kwamba tumevunja katiba. Katiba yetu inasema matumizi yanayozidi 500,000 yaletwe mkutano mkuu, isipokuwa dharura inayohusu uhai wa mtu, ambapo kamati itaamua kisha itoe taarifa. Mzee wa miaka zaidi ya 80 amelala na nyonga iliyovunjika, daktari anasema kila siku inayopita ni hatari kwake: kama hiyo si dharura, sijui kifungu kile kiliandikwa kwa ajili ya nani. Taarifa tuliitoa Jumapili iliyofuata, baada ya ibada ya pili. Aliyekuwa ameshaondoka hawezi kusema hakuambiwa.

La pili, kwamba mchango wa sare ni wa sare, na fedha iliyotolewa kwa Mungu isigeuzwe. Nimeambiwa hata habari ya Mariamu wa Bethania aliyempaka Bwana marhamu ya thamani, kwamba Yuda ndiye aliyetaka marhamu iuzwe wapewe maskini, na Bwana akajibu kuwa maskini tunao siku zote. Nashukuru kwamba tunasoma Biblia, basi tuisome yote. Bwana alipoyasema maneno yale alikuwa anagusa Kumbukumbu la Torati 15, na pale Mungu anasema kwa kuwa maskini hawatakoma katika nchi, ndiyo sababu ninakuamuru umfumbulie ndugu yako mkono. Halafu msome Nehemia 13. Walawi na waimbaji hawakupewa sehemu zao, wakaacha kazi ya nyumba ya Mungu, kila mtu akakimbilia shambani kwake. Nehemia hakuwakemea waimbaji waliokimbia. Aliteta na wakubwa, akauliza mbona nyumba ya Mungu imeachwa. Mzee wetu alikuwa shambani akilima katika umri ule kwa sababu ileile. Je, Nehemia angekuja usharikani kwetu angeteta na nani? Mimi sikutaka awe ni mimi.

Kuna neno la Amosi pia, ambalo Mungu anasema aondolewe kelele za nyimbo zao, hataki kusikia vinanda vyao. Lilisemwa kwa watu walioimba vizuri huku haki imekanyagwa nje ya lango. Niliwaza sisi tumesimama madhabahuni Jumapili, tumevaa kitambaa kipya cha rangi ya damu ya mzee, na aliyetufundisha noti ya kwanza amelala kwenye kitanda cha kamba bila dawa. Nilishindwa kuliwaza jambo hilo hadi mwisho.

La tatu ndilo lililoniumiza. Imesemwa kwamba nilifanya hivi kwa sababu mzee ni wa ukoo wa mke wangu. Ni kweli ni wa ukoo huo, na katika mtaa ule nani si wa ukoo huo? Stakabadhi zote zimeandikwa na mhazini, fedha zimelipwa moja kwa moja dirishani pa hospitali, hakuna hata shilingi iliyopita mkononi mwangu wala kwa mtu wa nyumbani kwangu. Walioeneza neno hilo hawajanifuata kama Mathayo 18 inavyoagiza, mtu na mtu peke yao. Mlango wangu uko wazi.

Upasuaji ulifanyika. Tulipokwenda kumwona wiki ya pili, tulimwimbia wimbo mmoja pembeni ya kitanda kwa sauti ya chini. Alitusikiliza macho yamefumba, kisha akainua kidole akasema sauti ya pili wanawahi, warudie. Tukarudia. Leo anatembea kwa gongo hadi barazani, na Jumapili ya kwanza ya Majilio aliletwa ibadani. Wote mlimwona.

Sare hazijafutwa. Wapo walioomba warudishiwe michango. Kamati imekataa, na ninasimama na uamuzi huo.

Fedha kwa jumla: tulianza na 638,000, ada 412,000, michango ya sare 2,310,000, mialiko na harusi 865,000, jumla 4,225,000. Yametumika 280,000 kwa kinanda, 590,000 kwa tamasha, 345,000 kwa rambirambi na wagonjwa wengine, 1,850,000 kwa mwinjilisti, jumla 3,065,000. Baki ni 1,160,000.

Kwa mwaka ujao tunatamani kukamilisha sare, kurekodi nyimbo Mungu akitujalia, na kuanzisha mfuko mdogo wa kuwatunza wainjilisti wastaafu wa mitaa yetu, ili siku nyingine tusikimbilie mfuko wa sare. Wazee wa kanisa wamelipokea wazo hilo vizuri, na tunaomba lifike kwenye baraza. Tunatumaini pia kutembelea gereza na wodi za wagonjwa mara nyingi zaidi kuliko mwaka huu.

Nawashukuru mwalimu wa kwaya, mhazini na katibu, waliovumilia maneno wasiyostahili. Namshukuru Mchungaji aliyekuja kuomba nasi ile Ijumaa usiku.

Kamati hii imemaliza muda wake na leo ni uchaguzi. Nimeshauriwa nisigombee ili mambo yatulie. Nimeomba, nimetafakari, na jina langu nimeliacha kwenye fomu. Daftari la fedha, stakabadhi za hospitali na muhtasari wa kikao cha tarehe 9 Agosti viko mezani kwa mhazini. Mwenye swali avisome kwanza, kisha aulize, nami nitajibu nikiwa nimesimama hapa hapa.