Barua ya Malalamiko Kuhusu Imeji ya Diski Iliyosambazwa Katika Kompyuta Zetu 26

Lubumbashi, tarehe 17 Novemba 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Kampuni,
Lubumbashi

Kuhusu: Windows 11 mliyotuwekea kwa imeji moja (yaani nakala nzima ya diski ya kompyuta moja) isiyotayarishwa

Bwana Mkurugenzi,

Kwa heshima tunawaandikia kwa niaba ya ofisi yetu ya uwakala wa forodha, iliyoko hapa katika komuni ya Kampemba, tukilalamikia kazi ambayo mafundi wenu walitufanyia mwezi wa Juni mwaka huu. Faktura yenu iliita kazi hiyo usakinishaji na usanidi wa Windows 11 Pro katika kompyuta 26. Tuliilipa yote bila kuchelewa, na leo ndiyo inayofanya ofisi nzima ishindwe kufungua folda yake yenyewe.

Mambo yalianza kuharibika mwezi wa Oktoba. Kompyuta ya chumba cha hifadhi ndiyo inayotunza folda ya pamoja, ambamo mawakala wetu huweka faktura za wauzaji, hati za meli na leseni za kuingiza bidhaa kabla ya kuziambatisha na tamko katika Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha. Kila anayejaribu kuingia humo kutoka kwenye meza yake huombwa jina na neno la siri; akiandika yaliyo sahihi, dirisha hufungwa, kisha hurudi na kumwambia kwamba jina au neno la siri si sahihi. Tulibadilisha maneno ya siri, tukafungua akaunti mpya, tukajaribu kwa anwani ya IP badala ya jina la kompyuta, na jibu likabaki lile lile. Printa inayotumiwa na wote kupitia kompyuta hiyo imegoma vilevile. Kilichotusumbua zaidi mwanzoni ni kwamba tatizo halikuzipata kompyuta zote kwa pamoja: lilienea kidogo kidogo, kadiri kila kompyuta ilivyopokea masasisho yake, hata tukashuku nyaya, kisha swichi, kisha watumiaji wenyewe.

Sydonia hufunguka kama kawaida kwa kuwa kazi yake hupita kwenye intaneti, lakini tamko lisilo na hati zake halisaidii kitu. Kwa hiyo mawakala wetu sasa huhamisha hati kwa fleshi kutoka meza hadi meza, nakala mbili za faktura moja hutofautiana bila mtu kujua ipi ndiyo ya mwisho, na lori lililosimama mpakani Kasumbalesa huendelea kusimama. Mteja anayelipia siku za lori hilo hatawapigia ninyi simu, hutupigia sisi.

Katika kumbukumbu za matukio za Windows tulikuta onyo linalojirudia, lenye chanzo LsaSrv, sehemu ya Windows inayosimamia usalama wa kuingia, na nambari 6167, linalosema kwamba kitambulisho cha mashine hakilingani kwa sehemu. Hapo ndipo tulipoacha kushuku nyaya. Kwa programu ndogo ya PsGetSid tulisoma kitambulisho cha usalama, yaani SID, cha kompyuta ya kaunta, kisha cha kompyuta ya mhasibu, tukaziweka karatasi mbili kando kwa kando: zote zinaanza na S-1-5-21, kama inavyotarajiwa, lakini zile nambari tatu ndefu zinazofuata, ambazo ndizo zinazopaswa kuitofautisha kompyuta moja na nyingine, ni zile zile tarakimu kwa tarakimu. Tukapima zilizobaki. Kompyuta zote 26 zina SID moja, kama watu 26 wanaotembea mjini na kadi moja ya mpiga kura.

Hilo haliwezi kutokea kwa bahati mbaya. Windows inaposakinishwa kwa njia ya kawaida, kila kompyuta hujitengenezea SID yake; na anayetaka kuokoa muda kwa kusakinisha mara moja na kusambaza imeji kwenye nyingine anatakiwa, kabla ya kuichukua imeji hiyo, kuendesha Sysprep, programu ya Windows ya kutayarisha imeji, kwa chaguo la generalize, ambalo huondoa yale yote yanayoifanya kompyuta kuwa yenyewe, ili kila nakala ijipatie utambulisho mpya inapowaka mara ya kwanza. Sysprep ikimaliza kazi yake salama huacha faili iitwayo Sysprep_succeeded.tag katika folda ya C:\Windows\System32\Sysprep. Tumeitafuta katika kompyuta zetu zote, haimo. Mafundi wenu walichukua kompyuta iliyokwisha kutumika, wakanakili diski yake jinsi ilivyo, wakaigawa.

Microsoft yenyewe ilieleza jambo hili mwezi wa Oktoba 2025: masasisho yaliyotolewa kuanzia tarehe 29 Agosti 2025 kwa Windows 11 toleo la 24H2 na 25H2, pamoja na Windows Server 2025, yaliongeza ukaguzi wa SID, na kompyuta zenye SID moja zikakataliwa kuthibitishana kwa Kerberos na kwa NTLM, njia mbili ambazo Windows hutumia kuhakikisha utambulisho katika mtandao. Dalili zilizotajwa humo ndizo tulizozieleza hapo juu, pamoja na onyo hilo la 6167. Suluhisho la kudumu lililotajwa ni moja tu: kompyuta zilizonakiliwa vibaya zijengwe upya kwa njia inayokubaliwa.

Tulipompigia fundi wenu simu, alitupa majibu mawili ambayo hatuwezi kuyaacha yapite. La kwanza ni kwamba suala la SID ni hadithi ya zamani ambayo mhandisi wa Microsoft, Mark Russinovich, aliikanusha mwaka 2009. Ni kweli kwamba mwaka huo Russinovich aliistaafisha NewSID, programu yake ya kubadilisha SID, na kueleza kwamba hakuona madhara ya kompyuta mbili kuwa na SID moja. Lakini katika maelezo hayo hayo aliandika pia kwamba Sysprep husafisha mambo mengine ya mashine ambayo yakirudiwa huleta matatizo, kwa mfano katika seva za masasisho za WSUS, na kwamba Microsoft ingeendelea kudai kompyuta zilizonakiliwa zipitishwe kwenye Sysprep. Fundi wenu amesoma nusu ya habari, tena ile nusu inayompunguzia kazi.

Jibu lake la pili lilikuwa ushauri: tuyaondoe masasisho hayo kisha tuyazuie yasirudi. Bwana Mkurugenzi, tuliiacha Windows 10 kwa sababu muda wake wa kuhudumiwa ulikuwa unaisha tarehe 14 Oktoba 2025, na tuliwalipa ninyi ili tuendelee kupokea masasisho ya usalama. Kuambiwa sasa tuyafunge, katika ofisi inayoshughulika na malipo ya ushuru ya wateja, ni kutuuzia gari na kutukataza kuliendesha.

Sisi hatupingi matumizi ya imeji. Kusakinisha kompyuta 26 moja moja kwa mkono ni kupoteza muda na kukaribisha makosa, na tungekuwa katika nafasi yenu tungefanya kwa imeji pia. Lakini kazi hiyo ina mpangilio wake. Huanza kwa kompyuta moja ya mfano iliyosakinishwa Windows safi kutoka kwenye faili rasmi la Microsoft. Fundi huingia katika hali ya ukaguzi kwa Ctrl+Shift+F3 kwenye skrini ya kwanza ya maandalizi, huweka programu zinazohitajiwa na wote bila kufungua akaunti ya mtu yeyote, huendesha Sysprep na kuizima kompyuta. Baada ya hapo haiwashwi kwa Windows yake tena. Huwashwa kwa Windows PE, ile Windows ndogo ya mafundi, na imeji huchukuliwa kwa DISM, programu ya Microsoft ya kushughulikia imeji, katika faili la WIM. Muundo huo, uliokuja na Windows Vista, huhifadhi mafaili badala ya kunakili diski sekta kwa sekta, kwa hiyo haubebi mipaka ya diski ya zamani: kila diski mpya hugawanywa kulingana na ukubwa wake, imeji hufunguliwa ndani yake, BCDBoot huandika mafaili ya kuwashia, na draiva za kila modeli huongezwa kwa modeli yake. Mwenye haraka anaweza kuchagua njia nyingine, hata programu za bure kama Clonezilla au FOG, na sisi hatujali ipi, mradi Sysprep itangulie.

Kwamba hili halikufanyika tungeweza kulijua mapema kama tungetazama sehemu za diski. Tulinunua diski za GB 512. Windows inaonyesha C: yenye GB 118 tu, kwa sababu diski ya asili ilikuwa ya GB 128, sehemu ya urejeshaji imekaa mara tu baada ya C:, kwa hiyo chaguo la kupanua limefifia na nafasi iliyobaki, karibu robo tatu ya tulichokilipia, imelala bila kazi. Saa zote zilikuja zikiwa za Kinshasa, saa moja nyuma ya Lubumbashi, na kibodi ikawa imepangwa QWERTY kwenye mashine zenye herufi za AZERTY. Hayo tuliyarekebisha wenyewe kimya kimya.

Lipo jambo moja ambalo hatutalinyamazia, nalo kwa maoni yangu ni zito kuliko folda iliyofungwa. Ndani ya akaunti ya zamani iliyobaki katika imeji yenu kuna folda ya karatasi za mishahara za wafanyakazi wa mteja wenu mwingine: majina, mishahara, nambari za akaunti za benki. Folda hiyo imo katika kila moja ya kompyuta zetu 26. Hatukuzifungua zaidi ya kutambua ni nini, na tumefunga njia ya kuifikia, lakini hatujaifuta, ili isije ikasemwa kwamba haikuwapo. Mnajua kwamba Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, yaani Ordonnance-Loi nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za watu binafsi katika nchi yetu. Nasi tunauliza swali ambalo mteja yule angeuliza: ikiwa karatasi zake zimefika kwetu kwa njia hii, kompyuta ipi ya ofisi yetu mmeichukulia imeji mlipokuja kututengenezea printa mwezi wa Agosti, na imeji hiyo iko wapi sasa?

Kwa sababu hizo tunadai kompyuta zote 26 zijengwe upya kwa gharama yenu, kwa imeji iliyotayarishwa kama tulivyoeleza, ikiwa na majira ya Lubumbashi, kibodi ya AZERTY na Windows 11 Pro inayotumia leseni iliyokuja na kila mashine ndani ya BIOS yake. Kazi ianze na kompyuta mbili, moja kwa kila modeli tuliyo nayo, na isiendelee kwa nyingine mpaka tuone kwa macho yetu SID mbili tofauti, C: inayojaza diski, na folda ya pamoja ikifunguka baada ya masasisho yote kuingia. Ifanyike Jumamosi na Jumapili, maana siku za kazi hatuwezi kuzima. Nakala ya mafaili yetu tutaichukua sisi wenyewe kabla hamjafika.

Hatutakubali programu yoyote ya kubadilisha SID juu ya mfumo unaotumika, wala Sysprep kuendeshwa juu ya kompyuta hizi jinsi zilivyo ili zionekane mpya, kwa sababu sehemu za diski zingebaki zile zile na karatasi za mishahara za watu wengine zingebaki mahali zilipo. Tunataka pia faili la WIM na faili la unattend.xml, linalojibu maswali ya usakinishaji, tukabidhiwe mwisho wa kazi, ili kompyuta ya ishirini na saba tuweze kuitayarisha wenyewe. Na tunataka maandishi yenye sahihi yenu yanayosema data za mteja yule zilitoka wapi, kwamba mmemjulisha, na kwamba hakuna imeji ya ofisi yetu iliyobaki mikononi mwenu.

Tunasubiri jibu lenu la maandishi, lenye tarehe ya kuanza kazi, kabla ya tarehe 28 Novemba 2025. Likikosekana, tutampa kazi fundi mwingine na kuwaletea faktura yake, na suala la karatasi za mishahara tutalikabidhi kwa wakili wetu. Tumeambatisha orodha ya SID za kompyuta zote, picha za onyo la LsaSrv na nakala ya faktura yenu ya Juni.

Pokeeni, Bwana Mkurugenzi, salamu zetu za heshima.

Mkuu wa huduma za kompyuta,
kwa niaba ya Meneja wa ofisi

Nakala kwa: Meneja, Wakili wa ofisi