Barua kwa mwanangu: Simba anaota

Mwanangu mpenzi,

Siku ile uliponiuliza kama Simba anaota, nilikujibu harakaharaka kwamba mbwa ni mbwa, akilala amelala. Jibu lile limenikaa rohoni tangu urudi shule. Wewe ulikuwa umechuchumaa pembeni yake ukimtazama, mimi nilikuwa natafuta viatu nitoke. Nakuandikia nilirekebishe.

Jana usiku nilikaa nikamtazama kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Mwanzoni alipumua taratibu, ubavu unapanda na kushuka. Zikapita kama dakika 20, pumzi zikavurugika: fupi, za haraka, mara zikakatika kidogo. Macho yakaanza kwenda huku na huku chini ya kope. Sharubu zikacheza, kisha miguu ya mbele ikawa inakimbia palepale alipolala, na kooni ukatoka mbweko mdogo wa mdomo uliofumbwa, kana kwamba anabweka yuko mbali sana.

Shika hayo macho yanayocheza. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walieleza kwamba usingizi wetu una kipindi ambacho macho huenda mbio chini ya kope, na mtu akiamshwa hapo mara nyingi husimulia ndoto. Mbwa naye anacho kipindi hicho. Ubongo wake huchangamka karibu kama yuko macho, huku mwili umelegezwa usiinuke. Kinachoulegeza ni sehemu ndogo kwenye shina la ubongo. Mfaransa Michel Jouvet aliiharibu sehemu hiyo kwa paka, na wale paka wakawa wanainuka wakiwa usingizini, wananyemelea na kurukia mawindo ambayo hayapo. Nawahurumia paka wale. Lakini tangu nisome habari hiyo siwezi tena kusema kwamba mnyama akilala, ndani mwake ni giza tupu. Simba wetu kile kifungo cha mwili usiinuke kinamshika, ila si sana, ndiyo maana miguu inachezacheza. Alipokuwa mdogo alitikisika zaidi, unakumbuka? Kwa watoto wa mbwa kifungo hicho huwa bado hakijakomaa.

Ukaniuliza pia, anaota nini? Swali hili ndilo lililonikosesha usingizi mimi. Mbwa hasimulii. Panya naye hasimulii, lakini mwaka 2001 Kenway Louie na Matthew Wilson, huko Marekani, walirekodi seli za ubongo wa panya waliokuwa wakizunguka kwenye njia wakifuata chakula, kisha wakaendelea kurekodi walipolala. Usingizini seli zikarudia mpangilio uleule, karibu kwa mwendo uleule, kiasi kwamba watafiti waliweza kusema sasa panya huyu yuko sehemu gani ya njia. Amelala, na anapita tena alikopita!

Seli hizo ziko kwenye sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za mahali, na mbwa anayo pia. Kwa hiyo mimi naamini Simba akikimbia usingizini, anakimbia anapopajua, nyuma ya mpira wako, anakata kona ileile anayoteleza kila siku.

Nakuomba kitu kimoja. Akiwa katika hali ile usimguse, hata akilia kwa namna ya kukutia huruma. Mbwa akishtuliwa katikati ya ndoto anaweza kuuma kabla hajajua ni nani, naye hana kosa. Kaa mbali kidogo, mwite jina lake kwa sauti ya chini mpaka afumbue macho mwenyewe. Mara nyingi hata hilo halihitajiki, ndoto hupita baada ya muda mfupi.

Jana haikuwa ndoto mbaya. Miguu ilipotulia, mkia ulipiga sakafu mara tatu, polepole, macho yakiwa yamefumbwa vilevile. Ni ile pigapiga yake akikusikia wewe unafungua mlango.

Akupendaye,
Mama